Je, Uzuri Pekee Waweza Kumfanya Kijana Awe Mwema?

Kila mwaka, majira ya joto yanapoingia katika nchi za Ulaya, shule hufungwa kwa wiki nyingi, na maelfu ya wavulana na wasichana wa miaka 13 hadi 18 hutoka mijini wakiwa na shanta migongoni. Hulala katika mahema, huvuka mito na kupanda milima. Mchana huchora miti na magofu ya ngome za kale, hujifunza kuchonga na kufuma, na huwasikiliza wazee wa vijijini wakisimulia habari za zamani. Usiku huuzunguka moto na kuimba. Walimu huzisifu safari hizi, wazazi huzilipia, na serikali huzisaidia. Husemwa kwamba kijana aliyekaa siku kadha wa kadha baina ya maumbile ya Mungu na kazi nzuri za mikono ya wanadamu hurudi nyumbani akiwa mtu mwema kuliko alivyoondoka.

Ndugu msomaji, dai hili yafaa lipimwe. Watoto ni amana, na mwenye amana haulizwi tu kama alikuwa na nia njema, bali huulizwa pia alimkabidhi nani. Ikiwa uzuri wenyewe humfanya mtu awe mwema, basi kazi ya malezi ni nyepesi: tuwapeleke vijana mlimani, tuwape rangi na gitaa, kisha tukae tukingoja matunda. Lakini ikiwa uzuri pekee hautoshi, hapana budi tujue ni kitu gani kinachokosekana, na kikikosekana hutokea nini.

Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii husomwa sana mbele ya wazazi, wala hapana anayeipinga. Lakini tuiangalie vizuri. Yatuambia wakati wa kumkunja samaki; haituambii akunjwe kuelekea wapi. Mkono mwema na mkono mbaya wote wawili hupendelea samaki mbichi.

Liko taifa moja ambalo limekwisha kulijaribu jambo hili mbele ya macho ya ulimwengu, nalo ni Ujerumani. Huko vijana walitoka kwenda maporini na vijijini kutafuta nyimbo na sanaa za wazee wao mapema sana, tena kwa wingi na kwa mapenzi makubwa. Habari yao ni funzo kwa kila mtu mwenye mtoto, na kwa kila mtu anayeitafuta njia ya haki.

Ndege Wahamaji

Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Steglitz uliokuwa kando ya Berlin, wanafunzi wa shule ya sekondari walianza kwenda safari ndefu za miguu wakati wa likizo. Tarehe 4 Novemba 1901 chama chao kiliundwa rasmi, kikajulikana kwa jina la Wandervogel, maana yake ndege mhamaji. Kiongozi wao mashuhuri wa mwanzo, Karl Fischer, alikuwa na umri wa miaka 20 tu.

Vijana hawa walikuwa wakikimbia nini? Walikimbia miji iliyojaa moshi wa viwanda, shule zilizowakaririsha masomo kama kasuku, na maisha ya watu wazima waliojali cheo na fedha kuliko ukweli. Walibeba masufuria yao wenyewe, wakapika kando ya mito na kulala juu ya majani makavu katika maghala ya wakulima. Walizikusanya nyimbo za kale zilizokuwa karibu kusahauliwa. Mwaka 1909 mwanafunzi wa utabibu aitwaye Hans Breuer alitoa kitabu cha nyimbo hizo, Der Zupfgeigenhansl, kikauzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Mwaka huohuo mwalimu Richard Schirrmann alikuwa safarini na wanafunzi wake, wakapatwa na mvua kali ya radi, wakajihifadhi katika jengo la shule. Usiku ule akapata wazo la kuwatengenezea wasafiri vijana mabweni ya bei nafuu nchini kote. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza bweni la kudumu lilikwisha kuanzishwa ndani ya ngome ya kale ya Altena, na kutokana na wazo lile zikaja hosteli za vijana zilizoenea leo duniani.

Mwezi wa Oktoba 1913 maelfu kadhaa ya vijana walikutana juu ya mlima Meissner, karibu na Kassel. Mwaka ule Ujerumani ilikuwa ikisherehekea kwa gwaride na karamu miaka 100 ya vita ya Leipzig, nao hawakutaka sherehe za namna hiyo. Walitangaza kwamba wataka kuyaongoza maisha yao kwa uamuzi wao wenyewe, kwa kuwajibika wenyewe, na kwa ukweli wa ndani ya nafsi. Wakaongeza ya kuwa katika mikutano yao ya pamoja hapatakuwa na ulevi wala tumbaku.

Ni nani angeweza kuona ubaya katika mambo haya? Ujana safi, hewa safi, nyimbo nzuri, vinywa visivyonuka pombe. Mzazi yeyote angefurahi.

Jicho Lililofunzwa Upande Mmoja

Walakini tukitazama kwa makini twaona ufa mdogo katika ukuta huu mzuri. Kabla hata ya vita ya 1914 vikundi vingine vya Ndege Wahamaji vilianza kukataa kuwapokea vijana wa Kiyahudi. Vijana hawa walizaliwa Ujerumani, walisema Kijerumani, na waliipenda misitu ileile. Lakini waliambiwa kwamba nyimbo hizi si zao. Mwaka 1912 vijana wa Kiyahudi walianzisha chama chao wenyewe cha safari, Blau-Weiss, nao wakaenda kupiga magitaa yao chini ya miti ileile.

Na sisi watu wa Afrika ya Mashariki tunayo sababu ya kuukumbuka wakati huo. Katika miaka ileile ya 1905 hadi 1907, vijana wa Steglitz walipokuwa wakiimba juu ya vilima vya nchi yao, majeshi ya dola yao yalikuwa yakiizima vita ya Maji Maji kusini mwa Tanganyika. Mashamba yalichomwa, ghala za chakula zikaharibiwa, na makumi kwa makumi ya maelfu ya watu wakafa, wengi wao kwa njaa. Haitakuwa haki kuwabebesha wavulana wale dhambi hiyo. Wao hawakuwatuma askari. Lakini yafaa tuone kwamba mtu aweza kuutazama mti wa kwao hata machozi yakamtoka, na wakati huohuo asijue, wala asiulize, shamba la mwenzake linachomwa kwa jina la nani.

Hapa ndipo tunapopata somo la kwanza. Uzuri huufungua moyo, lakini hauuchagulii moyo mgeni wa kuingia. Anayefundishwa kuupenda uzuri wa kwao peke yake amefundishwa jambo jema, lakini ni nusu yake tu. Na nusu hiyo, ikiachwa bila mwenzake, huota kiburi.

Vita ilipokuja, vijana wengi wa mlimani walikimbilia jeshini kwa hiari yao. Hans Breuer, aliyekuwa amezikusanya nyimbo, naye aliuawa karibu na Verdun mwaka 1918.

Moto Uleule, Mkono Mwingine

Baada ya vita vyama vya vijana viliongezeka. Kisha, tarehe 30 Januari 1933, Hitler akashika serikali. Mwezi wa Juni mwaka huo Baldur von Schirach alifanywa kiongozi wa vijana wa nchi nzima, na mara moja akaanza kuvifuta vyama huru vya safari. Chama cha Vijana wa Hitler, kilichokuwa na watu kama laki moja mwishoni mwa 1932, kilipita milioni mbili mwishoni mwa 1933. Tarehe 1 Desemba 1936, sheria ilipotangaza kwamba vijana wote wa Ujerumani watalelewa humo, walikuwa zaidi ya milioni tano. Mwaka 1939 kujiunga kukawa lazima.

Sasa, ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Waliokuja hawakuvichoma vitabu vya nyimbo za safari, wala hawakuyakunja mahema. Walichukua mahema yaleyale, kaptura zilezile, nyimbo nyingi zilezile, na moto uleule wa usiku. Kwa macho ya mpita njia kambi ya 1934 ilifanana sana na kambi ya 1924. Kijana aliyechoka kwa kutembea, aliyekula kidogo, aliyezungukwa na rafiki, anayeimba gizani mbele ya ndimi za moto, moyo wake huwa laini kama nta. Manazi waliijua siri hii. Wenzao walikuwa wameichonga mihuri ya kila namna katika nta ile. Wao wakaja na muhuri mmoja.

Na vijana hawakuburutwa wote. Inge Scholl, binti wa mji wa Ulm, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1952 jinsi yeye na ndugu zake walivyoingia kwa furaha, kinyume cha shauri la baba yao. Waliipenda nchi yao, misitu yake na mashamba yake. Wakasikia kwamba viongozi wapya nao waipenda nchi hiyo, na kwamba kila kijana ana sehemu yake katika jambo kubwa. Yaani mlango ulioachwa wazi na uzuri ndio huohuo uongo ulioingilia.

Hans na Nyimbo za Wageni

Kaka mdogo wa Inge aliitwa Hans. Alikuwa hodari, akapewa vijana wa kuwaongoza. Lakini Hans alipenda kuwaimbisha nyimbo za mataifa mengine, kama za Kirusi na za Kinorwe. Wakubwa wake wakamkataza: kijana wa Hitler aimbe nyimbo za kwao. Baadaye vijana wake walijishonea bendera yao wenyewe, yenye mnyama wa hadithi; mkubwa mmoja akaamuru itolewe, kwa kuwa hapana haja ya bendera nyingine. Kwa mujibu wa masimulizi ya dada yake, siku hiyo Hans alishindwa kuvumilia, na kazi yake ya uongozi ikaishia hapo.

Kwa siri Hans alifuata desturi za kikundi kilichokuwa kimeanzishwa tarehe 1 Novemba 1929, ambacho Manazi walikuwa wamekwisha kukipiga marufuku. Kikundi hiki kilitumia hema jeusi lenye tundu la moshi juu, lililoigwa kutoka kwa Wasami, wachunga kulungu wa Lapland. Mwaka 1936 Hans na wenzake walisafiri mpaka Lapland ya Sweden bila idhini. Mwishoni mwa 1937 akatiwa mbaroni, na miongoni mwa mashitaka ni kuendeleza kikundi kilichokatazwa.

Miaka michache baadaye, akiwa mwanafunzi wa utabibu mjini Munich, Hans pamoja na dada yake Sophie na rafiki zao waliandika na kueneza karatasi za siri za kumpinga Hitler, wakijiita Waridi Jeupe. Karatasi ya pili iliyataja wazi mauaji ya Wayahudi katika Poland, ikawauliza Wajerumani mbona wanayanyamazia. Tarehe 18 Februari 1943 ndugu hao wawili walikamatwa katika chuo kikuu, na tarehe 22 wakakatwa vichwa pamoja na rafiki yao Christoph Probst. Hans alikuwa na umri wa miaka 24, Sophie miaka 21.

Sisemi kwamba nyimbo za Kirusi ndizo zilizomfanya Hans awe shujaa. Alikuwa na baba mwenye msimamo, alisoma vitabu vingi, alisali na kutafakari, na vitani aliyaona mambo kwa macho yake. Na tena katika vikundi huru vya safari wamo wengi walioingia kwa Hitler wakicheka. Lakini tazama ni mahali gani ugomvi ulipoanzia. Haukuanzia katika siasa za bunge. Ulianzia kwenye wimbo wa mgeni na bendera ya kushona kwa mkono. Wakubwa wale walijua, kuliko walimu wengi wajuavyo, kwamba mvulana anayeweza kuupenda wimbo wa jirani atakuwa mgumu kumchinja jirani, na kwamba mvulana aliyeshona kitu chake mwenyewe ameonja utamu wa kufikiri mwenyewe.

Utii wa Namna Mbili

Hapa msomaji aweza kuuliza: Je, tuwafundishe vijana uasi? Msafara wa mlimani bila utii ni msafara wa mauti. Kiongozi akisema "simama", na mtoto akajibu "kwa nini?", huenda jibu likapatikana chini ya genge.

Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba utii uko wa namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Uko utii wa mkono na uko utii wa dhamiri. Kiongozi anapomwambia kijana afunge kamba hivi, asivuke mto huu, asinywe maji yale, anamtaka atii kwa muda, kwa sababu kiongozi anaona kitu ambacho kijana hajakiona. Utii huu una mwisho: wakifika ng'ambo kijana huonyeshwa ile hatari, naye mwaka ujao atawaongoza wengine. Lakini kiongozi anaposema, "Usiulize kama jambo hili ni la haki, mimi nitaijua haki kwa niaba yako," hapo anaomba kitu ambacho si chake wala si cha kijana kumpa. Dhamiri haikabidhiwi. Siku ya hesabu kila nafsi itasimama peke yake, na hapana atakayesema, "Niliimba tu na wenzangu."

Kurani Tukufu yawaagiza watu mara nyingi wasafiri katika ardhi, lakini haiishii kwenye kusafiri. Yawaagiza watazame ulikuwaje mwisho wa mataifa yaliyotangulia. Hii ni kusema kwamba mwendo wa miguu si elimu bado. Elimu ni kutazama, kupima na kuzingatia. Na kazi hiyo hapana anayeweza kuifanya kwa macho ya mwenziwe.

Mtu aliyeifahamu tofauti hii ni mwalimu Kurt Hahn, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886 katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1920 alishiriki kuanzisha shule ya Salem, kusini mwa Ujerumani, ambako vijana walizoezwa mwili, kazi za mikono na safari. Mwezi wa Agosti 1932 wafuasi wa Hitler katika kijiji cha Potempa walimwua mfanyakazi mmoja nyumbani kwake, mbele ya mama yake. Wauaji walipohukumiwa, Hitler aliwapelekea simu ya kuwaunga mkono. Hahn hakukaa kimya. Aliwaandikia waliopata kusoma Salem kwamba wale walio katika vikosi vya Hitler sharti wachague: ama wavunje uhusiano na Hitler, ama na Salem. Mwezi wa Machi 1933 alifungwa. Watu mashuhuri wa Uingereza walimwombea, akaachiliwa, akahamia huko mwaka huohuo.

Uingereza alianzisha shule ya Gordonstoun mwaka 1934, na mwaka 1941, pamoja na Lawrence Holt aliyekuwa mwenye meli, akaanzisha Outward Bound kule Aberdovey, Wales, ili kuwafunza mabaharia vijana namna ya kuokoka baharini. Fikira zake ndizo zilizozaa Tuzo ya Duke wa Edinburgh ya mwaka 1956, ambayo hudai kijana afanye safari ya mbali, ajifunze ufundi, na ahudumie watu. Fikira hizo zilifika hata kwetu: mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya Outward Bound ilifunguliwa Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, na tangu 1966 Kenya ina tuzo ya namna hiyo kwa vijana wake.

Hahn naye alitumia mlima, bahari, hema na moto. Vyombo ni vilevile. Lakini kwake safari haikuwa mwisho wa jambo. Wanafunzi wa Gordonstoun walilinda pwani na kujifunza kuzima moto, kwa sababu Hahn aliamini kwamba nguvu ya kijana hutakasika inapotumika kumwokoa mtu aliye hatarini, awe ni nani. Katika kambi za Hitler kijana alijifunza kujitoa kwa ajili ya kundi lake. Kwa Hahn alijifunza kujitoa kwa ajili ya mtu asiyemjua. Kwa mbali mambo haya mawili hufanana. Kwa karibu ni kama asali na sumu iliyotiwa asali.

Alama Tatu za Kupimia

Basi mzazi anayeletewa karatasi ya kumwandikisha mwanawe katika safari ya sanaa na utamaduni aangalie nini? Naona alama tatu, na kila moja yatokana na habari tuliyoisoma.

Kwanza, aangalie mgeni ana nafasi gani. Je, vijana watafundishwa nyimbo na sanaa zao tu, au pia za wale wanaokaa ng'ambo ya mto? Je, mtoto wa kabila jingine, wa dini nyingine, au asiye na fedha, atakaa katika duara la moto, au atausikia wimbo kutoka gizani? Kuupenda urithi wa wazee si kosa, ni wajibu. Lakini mapenzi yanayohitaji mtu wa kufukuzwa ndipo yapate joto si mapenzi.

Pili, aangalie kama kijana anaweza kuuliza, na kusema hapana, na kurudi nyumbani. Kiongozi mwema hufurahi anapoulizwa. Kiongozi anayechukia swali, anayewaambia vijana kwamba wazazi wao hawaelewi, anayetaka siri baina yake na mtoto, huyo hata akiwa na sauti nzuri na mkono hodari wa kuchora, asipewe amana.

Tatu, aangalie kidole cha kiongozi kinaelekea wapi. Mbele ya mlima mzuri kiongozi mmoja husema, "Tazameni," kisha hunyamaza, naye husahauliwa. Mwingine husema, "Nitazameni mimi niliyewaleta." Wa kwanza amewapa vijana mlima, na kwa njia ya mlima amewaelekeza kwa Aliyeuumba. Wa pili amewanyang'anya mlima. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alifundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, naye ataulizwa juu ya wale aliowekewa. Mchungaji huulizwa habari za kondoo. Kondoo hawakuumbwa kwa ajili ya fimbo yake.

Neno kwa Wanaotafuta

Wengi wanaosoma kurasa hizi ni watu walioiacha njia moja wakaishika nyingine, au wamesimama njia panda wakiuliza. Habari hii yawahusu wao pia, tena sana, ijapokuwa miaka yao ya hema na gitaa imekwisha kupita.

Mtu anayetafuta ukweli mara nyingi hupokewa mahali fulani kwa ukarimu. Husikia nyimbo au kisomo kizuri, hukaa katika duara la watu wanaopendana, na moyo wake hujaa joto. Joto hilo ni neema, wala asilidharau. Lakini asilifanye kuwa hoja. Moto wa kambi huwapasha joto walioketi kweli na walioketi uongo kwa kipimo kimoja, na mamilioni ya vijana wa Ujerumani walijisikia wamefika nyumbani, kumbe walikuwa wanapelekwa machinjoni na kuwachinja wengine. Mtu na aulize asubuhi, moto umezimika, sauti zimenyamaza, akiwa peke yake na akili aliyopewa na Mungu: Je, niliyoyasikia usiku ni kweli? Je, yananifanya niwe mwadilifu hata kwa adui? Je, naruhusiwa kuyahoji? Neno la kweli halidhuriki kwa maswali ya asubuhi. Na jambo hili latuhusu sisi walimu wa dini kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa sisi nasi huwaita vijana kambini, huwaketisha katika duara, na twaijua nguvu ya duara.

Basi tusiwafungie vijana ndani kwa kuuogopa moto. Kijana asiyepata kulala chini ya nyota amekosa kitabu kikubwa, na asiyezijua nyimbo za babu zake ni kama mti usiojua mizizi yake. Wapelekwe milimani, wachore, waimbe, wachonge. Inge Scholl mwenyewe, baada ya kuwazika ndugu zake, hakuchukia sanaa wala mikutano ya watu. Mwaka 1946 alianzisha Ulm chuo cha elimu ya watu wazima, ili wakazi wa mji ule wajifunze tena kusikiliza, kuuliza na kufikiri. Yeye aliyejua kwa uchungu jinsi uzuri unavyoweza kutumiwa vibaya hakusema watu waache kukusanyika. Alitaka wakusanyike macho yakiwa wazi.

Jibu la swali letu, basi, ni hili: Uzuri haumfanyi kijana awe mwema. Uzuri humfungua. Anayemfanya awe mwema ni yule anayeingia baada ya mlango kufunguliwa, akiwa na ukweli mkononi na heshima kwa dhamiri ya mwenye nyumba. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa wageni wa namna hiyo katika mioyo ya watoto wetu, na awalinde na kila mgeni mwingine. Amin.